Doa Kwenye Ncha ya Jino

Kasuku hakupewa jina hilo bure. Tangu alipojua kuunganisha neno moja na jingine, mtoto yule hakunyamaza. Aliongea akila, aliongea akioga, na baba yake, fundi rangi, aliapa kwamba binti yake huongea hata usingizini, tena kwa kupokezana na mtu. Nyumba yao ya vyumba viwili ilikuwa imeizoea sauti yake kama watu wanavyozoea feni: huisikii mpaka izime.

Ikazima alipokuwa darasa la pili.

Meno yake ya utoto ya mbele yalikuwa yameng'oka. Lile la juu la kulia liliota kwanza, jeupe, pana, likakaa mdomoni kama mgeni mnene kwenye kiti kidogo. La kushoto likafuata. Lilipochungulia nje ya fizi, ncha yake ilikuwa na doa la kahawia, na katikati ya doa palikuwa na kijishimo ambacho ulimi wa mtoto ulikigundua kabla ya mtu yeyote kukiona. Mama yake alidhani ni uchafu. Alisugua kwa mswaki, akasugua kwa chumvi, akafunga kitambaa kwenye kidole akasugua tena mpaka mtoto akatoa machozi. Doa likabaki palepale.

Mama Kasuku alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, na madoa ndiyo yaliyomlisha. Alijua la damu linataka maji ya baridi, la kutu linataka ndimu. Alijua pia kwamba kuna madoa yasiyomwagikia nguo kwa juu, bali yamo ndani ya uzi wenyewe tangu kiwandani, na hayo hata ukichemsha nguo siku tatu unapoteza kuni zako. Alipolitazama lile jino kwenye mwanga wa mlango alielewa kwamba hili lilikuwa la namna hiyo.

Shuleni wenzake hawakuchelewa. Kwanza walimwita Mla Udongo. Halafu wakasema kwao hakuna mswaki. Kasuku akajifunza kuongea huku kiganja kikiwa mdomoni, halafu akaona kwamba kunyamaza ni kazi nyepesi zaidi. Akirudi nyumbani anaweka mkoba chini, anakula, anajibu "ndiyo" na "hapana". Baba yake alijaribu kumchokoza kwa vitendawili. Mtoto alivijibu kwa kutikisa kichwa.

"Huyu mtoto ataumwa," baba akamwambia mkewe.

"Hataumwa. Ameshaumizwa," mama akajibu. "Na aliyemwumiza tunamjua."

Aliyekuwa akisemwa ni dada yake baba Kasuku, wa kuzaliwa tumbo moja.

Shangazi yake Kasuku alikuwa msusi. Saloni yake ilikuwa mtaa wa pili, chumba kimoja chenye kioo kirefu na benchi la wanaosubiri, na watu walivuka mitaa mitatu kufuata vidole vyake. Zamani yeye na wifi yake walikuwa chanda na pete. Mama Kasuku akienda kazini alimwacha mtoto pale saloni, na jioni akipita kumchukua alikaa hapohapo, akasukwa bure, wakamsema baba Kasuku mpaka masikio yake yakawasha huko aliko.

Kisha siku moja, Kasuku akiwa na miaka minne, alipanda kiti cha kuzunguka. Shangazi alikuwa amegeuka kuchukua taulo. Mtoto akajizungusha, kiti kikamrusha, akajipiga mdomo kwenye kona ya meza ya kioo. Damu ilikuwa nyingi kuliko jeraha. Baada ya majuma kadhaa jino moja la mbele likageuka rangi, likawa la kijivu, na likakaa na rangi hiyo mpaka siku lilipong'oka.

Mama Kasuku hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Alimchukua mtoto, akasema, "Ahsante, wifi," na tangu siku hiyo hakumwacha tena pale. Mtoto akawa anakaa kwa jirani. Walipokutana harusini au msibani walisalimiana salamu kamili, hujambo sijambo, wa kwako hawajambo, kama watu wanaojaziana fomu. Na jambo lililouma kuliko yote, ambalo mtaa mzima uliliona: mama Kasuku alianza kusukwa kwingine. Alipita mbele ya mlango wa wifi yake na kichwa kilichosukwa na mtu mwingine, vibaya, mistari imepinda, na shingo ameinyoosha.

Miaka ilipita hivyo. Lilipokuja doa, lilikuja kama ushahidi.

Baba Kasuku ndiye aliyeshikilia waende kwa daktari wa meno. Alimaliza kupaka ukuta wa watu, akanawa rangi iliyotaka kutoka, akaenda nao na ile iliyokataa ikiwa kwenye kucha. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, kina dirisha kubwa na harufu ya karafuu. Daktari mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba na sauti ya mtu asiye na haraka. Alimweka Kasuku kwenye kiti kirefu, akamwonyesha kioo chake kidogo, akamwachia akishike kwanza. Akalitazama jino kwa mbele, kwa nyuma, akaligusa, akalipulizia upepo. Akapiga picha ya eksirei.

"Aliwahi kuugua sana akiwa mdogo?" akauliza. "Homa kali, kulazwa?"

"Hapana, daktari," mama akasema.

"Na ingekuwa ugonjwa, ungegusa meno kadhaa, yale yanayojengwa wakati mmoja. Hapa limeguswa moja tu. Jino moja peke yake hunifanya niwaze pigo. Aliwahi kuumia mdomo?"

Mama Kasuku alikuwa amelibeba jibu hilo miaka yote. "Aliumia. Alikuwa na miaka minne. Alianguka saloni, kwa shangazi yake. Jino la utoto likageuka kijivu, hilohilo lililokuwa mahali hapo."

Aliposema "shangazi yake" hakumtazama mumewe. Baba Kasuku alikuwa anachokoa rangi kwenye ukucha.

Daktari aliinua picha akaielekeza dirishani. Akaitazama kwa muda, kisha akawaita wote wawili wasogee.

"Tazameni. Jino la utoto lina mzizi wake umeingia ndani ya fizi. Nyuma ya mzizi huo, ndani ya mfupa, ndipo jino la ukubwani linapojengwa. Ni majirani wa ukuta mmoja. Mtoto akianguka, jino dogo likasukumwa ndani, linamgonga jirani aliyelala. Jino dogo litapona, watu watasahau. Yule jirani atakuja na habari yake miaka mingi baadaye."

"Ndiyo hivyo," mama akasema. "Ndivyo nilivyosema."

"Subiri kidogo, mama. Jino halijengwi lote kwa mara moja. Linaanza kwenye ncha, hapa pa kung'atia, mtoto akiwa bado mchanga wa maziwa. Kisha linaendelea polepole kuelekea fizi, miaka kadhaa. Pigo linaacha alama pale ujenzi ulipokuwa umefika siku hiyo. Sasa doa la huyu liko wapi?"

"Kwenye ncha," akasema baba.

"Kwenye ncha. Akiwa na miaka minne, ncha hii ilikuwa imekwisha kitambo na imekuwa ngumu. Alama ya umri ule ningeitafuta huku juu kwenye fizi, au kwenye mzizi. Na huku, tazama, ni safi. Mzizi umenyooka vizuri. Kule kuanguka saloni kuliua jino la utoto, ndiyo maana likawa kijivu. Lakini doa hili silo lake. Hili ni la zamani zaidi."

"Kama plasta," baba Kasuku akasema taratibu. "Ukiigonga ikiwa mbichi, alama inabaki pale fundi alipokuwa amefika."

"Kama plasta," daktari akakubali.

Mama Kasuku akaisogelea picha. "La zamani lini?"

"Kukuapia siku siwezi. Kwa lilipokaa, ningesema alikuwa na mwaka mmoja, mwaka na kitu. Wengi huumia hapo, ndipo wanapoanza kutembea."

"Hakuumia," mama akasema haraka. "Wakati huo nilikuwa sijaanza kazi, nilikuwa naye mwenyewe kutwa. Hakuumia kabisa, daktari."

Hapo Kasuku, aliyelala kwenye kiti kirefu na kioo kidogo mkononi, akasema sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwezi ule.

"Siku niliyotembea je, mama? Si ulisema nilikuja mpaka kwako halafu nikaangukia kigoda?"

Mama akamgeukia. Hadithi ile kila mtu nyumbani aliijua. Kasuku aliipenda, aliomba asimuliwe kila alipolala na homa au umeme ulipokatika. Mama alikuwa ameketi sakafuni, anamwonyesha funguo, anazichezesha, njoo, njoo mwanangu. Mtoto ameshika kitanda. Akakiachia. Akaja hatua moja, mbili, tatu, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Hapo wote hucheka. Na mwisho wa hadithi, mkia wake tu, ni kwamba furaha ilimzidi mtoto, akaanguka puu kwenye kigoda, akalia, akabembelezwa, na baba aliporudi kutoka kazini alikuta mke wake yuko mlangoni anampigia kelele, "Ametembea! Ametembea!"

Sasa mama Kasuku aliukumbuka mkia wenyewe. Aliikumbuka damu kidogo kwenye mdomo, na jinsi kile kijino cha juu, ambacho hakikuwa na miezi mingi tangu kiote, kilivyoonekana kifupi kuliko mwenzake. Alikipaka maji ya baridi. Baada ya muda kikashuka chenyewe, kikalingana na kingine, na siku ile ikahifadhiwa na kila mtu kama siku ya furaha.

"Daktari," akasema. "Basi ni mimi."

"Ni kigoda," daktari akasema. "Mama, ungemfunga kamba ya mguu? Watoto wote wanaanguka, hata wangu wameanguka, na mimi ndiye daktari. Ila siku nyingine mtoto akiumia jino, hata kama ni la utoto, mleteni tulitazame. Msiseme litang'oka tu." Akamgeukia Kasuku. "Na wewe, jino lako ni zima. Lina kovu tu, kama goti. Utarudi juma lijalo nilisafishe hapo pa doa nipazibe kwa dawa ya rangi ya jino, mtu asijue. Ukikua huenda tukaligusa tena. Sawa?"

"Litauma?"

"Kidogo kama kung'atwa na mbu mwenye haya."

Kasuku akatabasamu, kisha akakumbuka, akafunga mdomo.

Njiani kurudi baba Kasuku hakusema neno juu ya dada yake. Angeweza kusema. Mtu mwingine angepasua mtaa kwa maneno. Yeye alimbeba mtoto mgongoni na akazungumzia bei ya chokaa, na mkewe alitamani bora angemtukana.

Siku tatu mama Kasuku alipiga pasi mashati ya watu na kuyaunguza mawili. Alijiambia kwamba wifi yake bado alikosa, kwamba mtoto wa miaka minne haachwi na kiti cha kuzunguka. Kisha akakumbuka kigoda, na kesi ikaanza upya. Siku ya nne alipotoka kazini, miguu ilimpeleka mtaa wa pili kabla hajaamua.

Saloni ilikuwa na mteja mmoja, mwanamke mnene aliyeketi kwenye kiti cha mbao cha kawaida, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama kichaka. Kiti cha kuzunguka hakikuwepo. Mama Kasuku alitazama huku na huku akitafuta, na wifi yake akaona anatafuta nini.

"Nilikitoa," akasema. "Siku ileile. Karibu, wifi. Hujambo?"

"Sijambo."

"Wa kwako hawajambo?"

"Wifi, nimekuja kusema jambo." Akamtazama mteja.

"Mimi kichwa kimeshikwa," mteja akasema, "masikio pia hayafanyi kazi. Semeni."

Mama Kasuku akasema. Alieleza jino na ncha, jirani wa ukuta mmoja, eksirei na kigoda. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kwenda mbele, lakini alifika. "Doa halikuwa lako," akamaliza. "Lilikuwa la kwangu. Nimekuhukumu bure, na nimekuja kukuomba radhi."

Vidole vya msusi havikusimama. Vilimaliza mstari mmoja mpaka kisogoni, vikafunga fundo, ndipo akainua uso.

"Nikuulize kitu, wifi. Kama daktari angesema doa ni la saloni, ungekuja?"

Mama Kasuku alifungua mdomo. Kulikuwa na jibu zuri karibu, liko tayari kwenye ulimi, na yeye na wifi yake wote wawili waliliona. Akaliacha.

"Nisingekuja," akasema.

Mteja akashusha pumzi.

"Basi," msusi akasema. "Afadhali umesema kweli. Kwa sababu mimi nilimwangusha, wifi. Doa au si doa, nilimgeuzia mgongo mtoto nikachukua taulo. Nimekaa nalo hilo miaka yote. Nilitaka uje unitukane, tulie, yaishe. Ukaniambia ahsante. Ile ahsante yako nimeila mpaka leo haijashuka."

"Sikujua niseme nini."

"Ungesema 'mjinga wewe'."

"Mjinga wewe," mama Kasuku akasema, na machozi yakamtoka.

"Na wewe pia," wifi yake akajibu, naye macho yakiwa mekundu. Halafu akakikamata tena kichwa cha mteja, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Nimekusikia. Sasa niache nimalize kichwa cha watu. Sina maneno mengi leo."

Mama Kasuku alirudi nyumbani bila kujua kama amesamehewa. Mumewe alimwuliza alikokuwa, naye akajibu, "Kwa dada yako." Fundi rangi akaitikia kwa kichwa, akaenda nje kuosha brashi zilizokuwa zimeshaoshwa.

Juma lililofuata, mama na mtoto walipofika kwa daktari, walimkuta shangazi amekwisha kukaa kwenye benchi, na begi lake mapajani. Kaka yake alikuwa amemwambia siku. "Nimefunga saloni kwa saa mbili tu," akasema, kama mtu anayejitetea. Kasuku alimrukia shingoni. Mama aliketi upande wa pili wa mtoto, na waliposikia jina linaitwa waliinuka wote watatu.

"Mmoja anatosha," daktari akasema.

"Tutasimama ukutani," shangazi akajibu, wakaingia.

Kazi haikuchukua muda. Daktari alikwangua doa, akalisafisha, akapaka dawa safu kwa safu, akaimulika kwa taa ya buluu, akaisugua mpaka ikang'aa. Alipomwinua Kasuku na kumpa kioo, mtoto alijitazama kimya. Akageuza uso kushoto, akageuza kulia. Akapitisha ulimi kwenye ncha, mahali pa kijishimo, akakikosa.

"Kimeenda wapi?" akauliza, mdomo wazi. "Umekitoa au umekifunika? Na hiyo taa ina moto? Mbona haichomi? Nikila embe itatoka? Na nikila muwa?"

"Muwa ng'ata kwa meno ya pembeni," daktari akasema. "Na mengine uje kuniuliza siku nyingine, watu wanasubiri."

Waliporudi Kasuku alitangulia mbele, akimweleza mwanamume mwenye mkokoteni, asiyemjua hata kidogo, namna meno yanavyojengwa. Mawifi wawili walitembea nyuma yake. Hawakuwa na mazoea tena, na kila mmoja alisubiri mwenzake aanze. Walipita duka la vyombo. Walipita duka la magodoro. Mama Kasuku alisema jua ni kali. Wifi yake akakubali kwamba jua ni kali.

Kisha msusi akapunguza mwendo.

"Wifi, kuna jambo langu. Sijalisema kwa mtu. Nilikuwa natafuta wa kumwambia."

"Jambo gani?"

"Kuna mtu. Yule aliyekuja kunifungia kioo kipya."

Mama Kasuku akasimama katikati ya njia. "Fundi vioo? Yule mrefu, mwenye baiskeli?"

"Punguza sauti! Ndiyo huyo."

"Anasema anataka nini?"

"Anataka kuja nyumbani kwa kaka, azungumze. Sijui kaka atasema nini."

"Kaka yako niachie mimi," mama Kasuku akasema, akamshika mkono. "Hebu anzia mwanzo. Alikuja kufunga kioo, halafu?"